Moto Mdogo Chini ya Boneti

Jumatatu, 3 Machi

Gari limewaka moto. Naandika kwa utulivu kwa sababu mimi ni mtu mtulivu, ingawa ncha ya penseli imevunjika mara mbili.

Moto wenyewe ulikuwa mdogo. Nasisitiza hilo kabla watu hawajatia chumvi.

Gari si langu. Ni la mke wangu. Aliachiwa na marehemu baba yake, kwa jina, mbele ya kaka zake watatu walionuna mwaka mzima. Jana mke wangu kapanda basi kwenda kumuuguza mama yake, ambaye anapasuliwa mtoto wa jicho mji wa pili. Jumamosi natakiwa niende na gari niwachukue wote wawili. Kabla ya kuondoka alinipa agizo moja tu: mpira wa mafuta una ufa, nilipeleke gari kwa fundi, na nisiliendeshe kabla. Nikasema sawa. Akarudia. Nikasema nimesikia. Akaniambia nimsomee agizo lake. Nikamsomea neno kwa neno, kama mwanafunzi.

Leo asubuhi niliutazama huo ufa. Mwembamba kama uzi. Fundi wa nini? Nikapaka gundi, nikazungushia kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, nikakaza kwa waya. Kazi safi. Niliipiga picha.

Halafu nikaona hakuna mkate.

Kwenda, salama. Kurudi, hatua thelathini kutoka getini, moshi. Nikashuka. Nikafungua boneti nione kuna nini. Kulikuwa na moto. Ulikuwa umejikunyata humo ndani ukisubiri hewa, na mimi ndiye niliyeupa. Unyusi wangu wa kushoto haupo tena.

Hapo ndipo alipotokea Mzee wa Posta, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara. Alistaafu posta miaka tisa iliyopita na tangu hapo hana kazi ila kuwa tayari. Ndani ya gari lake hukaa mtungi mwekundu wa kuzimia moto. Kwa miaka yote hiyo nimemcheka. Nimewahi kumuuliza kama anangoja vita. Leo alikuja na fulana na kandambili, akitembea, wala hakukimbia, akasema, "Sogea, mdogo wangu." Akabonyeza. Wingu jeupe. Kwisha.

Watu wakampigia makofi, kisha wakasukuma gari hadi uani. Mimi hakuna aliyeniuliza habari ya unyusi.

Hasara: mpira wa mafuta, nyaya kadhaa, mfuniko wa chujio la hewa, na rangi ya boneti imetoka malengelenge eneo la ukubwa wa sinia. Na mkate. Umejaa unga mweupe usio wa ngano.

Jioni mke wangu kapiga simu. Upasuaji ni keshokutwa. Akauliza siku imekwendaje. Nikasema shwari. Akauliza kama nimekula mkate. Swali la ajabu kidogo. Nikasema nimekula, na chai. Kisha akasema, "Haya."

Jumanne, 4 Machi

Nina mpango. Kufika Jumamosi gari litakuwa kama lilivyokuwa, na hapatakuwa na la kusimulia. Kazi tatu: fundi, usafi, rangi.

Fundi kaja saa sita. Mtaani tunamwita Taratibu, na jina amelistahili. Alizunguka injini kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Mwishowe akainua kwa vidole viwili kipande cha mpira wa baiskeli kilichokauka. Akauliza nani kafunga hiki. Nikasema lazima ni fundi wa mara ya mwisho.

Akasema fundi wa mara ya mwisho ni yeye.



Taratibu anasema atamaliza Ijumaa kwa masharti mawili. Kwanza, waya wa betri ameuchomoa na asiuguse mtu. Pili, ule unga wa mtungi unakula vyuma, kwa hiyo niutoe kwa brashi kavu. Maji, marufuku. Alilirudia neno marufuku akinitazama mahali pa unyusi.

Dukani nilimkuta Mzee wa Posta akisimulia. Katika simulizi yake moto ulifika nyaya za umeme, na mimi nilisimama nimekumbatia mkate. Hilo la mkate ni kweli, lakini halikuwa la kusemwa mbele za watu. Nikawaeleza kwamba boneti niliifungua kwa makusudi, ili Mzee apate pa kupulizia. Mwenye duka akauliza basi mbona nilikuwa nakimbia. Nikasema nilikuwa nampisha.

Mke wangu kapiga. Aliuliza kama gari limefika kwa fundi. Nikajibu, "Fundi ameliona." Kweli tupu. Nimeridhika sana na jibu hilo. Akasema, "Haya."

Jumatano, 5 Machi

Siku mbaya. Si kosa langu lote.

Brashi kavu ni kazi ya mtu asiye na ajira. Mimi ni karani wa stoo, nina ruhusa ya asubuhi moja tu. Baada ya saa nzima nilikuwa nimesafisha eneo la kiganja. Nikafikiri: maji kidogo yatamdhuru nani? Magari hunyeshewa mvua kila mwaka.

Nikavuta mpira wa bustani. Gari likatakata. Injini iling'aa kama sufuria ya mgeni. Nikaurudisha waya wa betri, kwa sekunde moja tu, nione kama taa zinawaka.

Taa hazikuwaka. Honi ndiyo iliyolia.

Ililia bila kupumua. Nilibonyeza usukani, nikaupiga, nikaubembeleza. Majirani walitoka. Mwalimu wa nyumba ya kona alitoka na kalamu nyekundu mkononi. Nilijaribu kuuchomoa ule waya lakini nati ilikuwa imeng'ang'ania na vidole vyangu vimelowa. Honi ikalia robo saa, mpaka Mzee wa Posta akavuka barabara na spana yake mwenyewe, akazungusha mara mbili, kimya kikashuka. Akarudi kwake akiifuta spana polepole. Majivuno ya namna hiyo sijapata kuyaona.

Kisha nikagundua dirisha la gari lilikuwa wazi.

Kwenye kisanduku cha mbele hukaa daftari la marehemu baba mkwe. Kila alichokifanyia gari hilo alikiandika: mafuta, plagi, matairi, tarehe. Limelowa chapachapa. Nikaliingiza ndani nikalifungua ukurasa kwa ukurasa juu ya meza. Sikuwahi kulisoma. Mwandiko wake umesimama wima kama yeye. Katikati ya habari za breki nikakuta: "Leo binti ameshika usukani mara ya kwanza. Amegonga pipa la taka. Hakuna neno, pipa lilikuwa bovu." Hakuna la zaidi. Mstari unaofuata ni wa betri.

Kurasa sita mbele ameandika: "Mpira wa mafuta haufungwi. Hubadilishwa." Na chini yake kapiga mstari.

Nakiri, nilifikiria kuuchana ukurasa huo. Ungesemekana umeharibika kwa maji. Niliushika kabisa. Halafu nikashindwa, sijui kwa nini. Nilimkumbuka alivyokuwa akinipa mkono siku zile nilipokuja kuposa, akiuminya kidogo kama anayepima embe.

Nikapiga pasi kurasa zote, moja moja, pasi ya joto la chini. Mmoja tu umeungua pembeni.

Upasuaji umekwenda vizuri, alhamdulillahi. Mke wangu aliuliza kama nyumbani kuna utulivu. Nikasema kimya kama maktaba. "Hata honi husikii?" akauliza. Nikasema honi gani. Akasema, "Haya."

Alhamisi, 6 Machi

Leo rangi.

Gari ni la rangi ya krimu. Duka la vifaa vya ujenzi lina krimu ya milango. Muuzaji kaniambia si ya magari. Nikamwambia mlango na boneti vyote hufunguliwa. Akanipa kopo.

Nikapiga msasa malengelenge, nikapaka boneti nzima mara mbili. Ndani ya kopo ilikuwa krimu. Juu ya boneti imekuwa kiini cha yai. Nikajipa moyo kwamba ikikauka itatulia. Upepo ukaanza kuleta vumbi, nikafunika kwa magazeti, nikaenda kazini nikiwa nimejaa matumaini.

Niliporudi magazeti yalikuwa yameganda. Nimeyabandua kwa kucha. Karatasi imetoka, wino umebaki. Sasa boneti ina matangazo madogo, yamegeuka kushoto kulia. Nilileta kioo cha kunyolea nione ni nini. Katikati kabisa, kwa herufi kubwa: ANATAFUTWA DEREVA MAKINI.

Mzee wa Posta alipita akaegemea ukuta akaomba kuazima kioo.

Kuhusu unyusi nimepata ufumbuzi. Mke wangu ameacha wanja wake. Nilijichora mmoja. Ulikuwa mzuri kuliko ule wa asili, ila umepanda juu kidogo, kwa hiyo nina uso wa mtu aliyeambiwa jambo la kushangaza na nusu yake tu ikaamini. Kazini bosi kaniuliza mara tatu kama nina swali.

Jioni mke wangu hakuuliza kuhusu gari. Aliuliza uso wangu haujambo. Nikasema uso? Akasema jua la siku hizi kali. Kisha akasema taratibu, "Huna neno lolote la kuniambia?"

Nilifungua kinywa. Kweli nilifungua. Likatoka, "Msalimie Mama."

"Haya," akasema.

Nimeanza kutoipenda hiyo haya.

Ijumaa, 7 Machi

Taratibu kaja na mpira mpya na nyaya mpya. Kafungua boneti. Katazama ndani. Kafunga boneti. Kasoma matangazo. Kafungua tena, akagusa nyaya kwa kidole, akanionyesha kidole kilicholowa.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema tu kwamba sasa kila kiungo cha waya kikaushwe upya, na kabla ya Jumanne gari haliendi popote.

Kesho ni Jumamosi.

Maji yamenifika shingoni. Nikavaa tai nikavuka barabara. Niliamua kwenda kwa Mzee wa Posta kama mtu na mtu mwenzake, nimwombe gari lake bila kuingia katika sababu. Nilianza na hali ya hewa, nikapita kwenye afya ya mkewe, nikafika kwenye umuhimu wa ujirani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema gari lake haazimishi mtu, lakini kesho asubuhi atanipeleka mwenyewe, tukawachukue.

Nikamshukuru. Nikamwomba njiani asilete mazungumzo ya moto.

"Mimi sisemi uongo, mdogo wangu," akasema, "lakini kunyamaza naweza. Posta nilikaa miaka thelathini na barua za watu."

Kisha akaongeza kwamba Jumatatu ile alivuka barabara akiogopa kufika, ndiyo maana hakukimbia. Alidhani nimeungua macho.

Ni vigumu kumchukia mtu anayezungumza hivyo. Nitajitahidi.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika polepole. Leo kila kitu kimefichuka.

Tuliondoka saa moja. Nilijichora unyusi kwa uangalifu wote na kufanya mazoezi ya maelezo. Hospitali tuliwakuta barazani wamejiandaa. Mama mkwe ana kitambaa jicho moja. Nikainama nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga, akanitazama kwa hilo jicho moja lililobaki.

"Baba," akasema, "unyusi wako unatembea."

Jasho. Wanja ulikuwa umefika shavuni.

Nikasema ni vumbi la safari. Mke wangu akanipa leso. Hakucheka, na hilo lilinitia hofu kuliko kama angecheka.

Garini nilikaa mbele na Mzee, wao nyuma. Mama mkwe akauliza gari la marehemu liko wapi. Nikatoa hotuba. Nikasema limepumzishwa kwa matengenezo ya kawaida. Nikaeleza umuhimu wa kuipoza injini. Mke wangu akauliza kama ilikuwa imepata moto. Nikasema joto, joto la kawaida. Mzee wa Posta akakohoa mpaka akalazimika kupunguza mwendo. Kwa kuwa hakuna aliyenikatiza, niliendelea. Niligusia hata aina za mafuta. Nusu saa nzima nilisema.

Tukafika. Gari limesimama uani, boneti ya kiini cha yai, matangazo yanang'aa juani. Mke wangu alilisogelea, akainamisha kichwa bega la kushoto, akasoma. Alichukua muda wake. Kisha akatoa simu mkobani akanionyesha picha.

Ni mimi. Nimekumbatia mkate. Nyuma yangu moto.

Mke wa Mzee wa Posta aliituma Jumatatu, hata unga haujatua chini.

"Siku sita," mke wangu akasema. "Kila jioni nimekufungulia mlango upite. Kila jioni umepita dirishani."

Mama mkwe akadai asimuliwe kilichomo pichani. Mke wangu akamsimulia. Daktari alikuwa amemkataza kucheka kwa nguvu, na ilibidi Mzee amshike mabega.

Nilidhani imekwisha hapo. Lakini mke wangu aliingia garini akafungua kisanduku. Akatoa daftari. Akaona kurasa zimenyooka kama noti mpya, na ule ulioungua pembeni. Akauliza nani kapiga pasi.

"Mimi," nikasema. Hilo ndilo jibu la kwanza lililonyooka kunitoka wiki nzima.

Alifungua mpaka kwenye pipa la taka. Najua, kwa sababu nilisimama dirishani nikauona ukurasa. Alisoma, akakaa. Nikamwambia ukweli: niliogopa ataona sikuunguza gari, nimemuunguza baba yake.

Alijifuta macho kwa upande wa kiganja. "Baba tulishamzika," akasema. "Gari ni gari, litatengenezwa. Wewe ungeungua uso mzima, na ningeambiwa na nani? Ungeniambia umekula mkate."



Nimeahidi mambo mawili mbele ya mama mkwe na Mzee wa Posta: kwamba sitamficha tena kitu, na kwamba sitachezea tena kitu chochote kinachoweza kuwaka. Mama mkwe alinifanya nirudie neno kwa neno. Nilirudia kwa moyo wote. Nimekuwa mtu mpya.

Jumatano, 12 Machi

Gari limepona. Taratibu kafunga mpira mpya na kumkabidhi mke wangu funguo, akinipita mimi kana kwamba ni mti. Mke wangu amekataa boneti kupakwa rangi upya kwa sasa. Anasema tangazo liendelee mpaka apatikane anayefaa.

Kuna habari nyingine. Kutokana na tukio letu mtaa umeunda kamati ya usalama wa moto. Mkutano ulikuwa barazani kwa mwalimu wa nyumba ya kona. Mzee wa Posta kachaguliwa mwenyekiti kwa sauti moja. Mimi nilipendekeza jina langu kwa umakamu. Nikaeleza kwamba katika watu wote waliokuwapo ni mimi peke yangu niliyewahi kuusogelea moto kwa karibu. Wakanishukuru. Makamu kawa mwenye duka. Mimi ni mjumbe wa kawaida.

Mjumbe wa kawaida. Nimejitia hamnazo, nikapiga makofi na wenzangu.

Jumamosi, 15 Machi

Nimefikiri siku tatu na nimeona tatizo la kamati hii. Ni maneno matupu. Wamekutana mara mbili na wameandika orodha ya ndoo. Hakuna hata mmoja aliyewaonyesha watu moto ulivyo. Anayehitajika ni mtu wa vitendo, na akishajionyesha, uchaguzi unaweza kurudiwa.

Kwa hiyo leo saa nne kutakuwa na maonyesho. Sijaiambia kamati, kwa sababu moto wa kweli nao hautoi taarifa. Nimepata pipa la chuma, sponji la godoro kuukuu, na mafuta ya taa kiasi. Nimeliweka kwenye uchochoro nyuma ya nyumba ya mwalimu, mahali pazuri, pana kivuli na uzio wa makuti wa kukinga upepo. Upepo upo, lakini si wa kutisha. Kuna nguo chache kwenye kamba. Vifaa vya kamati vya kuzimia moto bado havijaletwa, ila nimesoma maelezo yake na nimeelewa.

Moto wenyewe utakuwa mdogo.

Mke wangu kaniuliza sasa hivi nakwenda wapi na kiberiti. Nimemwambia nakwenda kwenye shughuli za usalama. Kweli tupu.

Amesimama mlangoni, anatafuta namba kwenye simu.